Moto wa Upande wa Kushoto

Wifi yangu Basilia alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita kundi la lama kutoka bonde la pili, na tangu siku alipoletwa nyumbani kwetu hakuwahi kukubali kwamba kuna mwanamke mwingine anayejua kupika supu. Alitoka nusu ya Chini, sisi ni nusu ya Juu. Kijiji chetu kimegawanyika hivyo tangu mababu, na ndoa inayosifiwa ni ile inayochukua mmoja huku na mmoja kule. Kaka yangu Fermin alimpenda kwa sababu anazozijua mwenyewe. Yeye alikuwa mpole, mzito kunyanyuka. Mkewe mdomo mbele, miguu mbele. Wakati wa kupanda viazi, Fermin ameshika jembe la ng'ombe, Basilia nyuma yake anadondosha mbegu, ungewasikia wakibishana mpaka mwisho wa tuta, wanageuka, wanaanza upya.

"Kaka yako anatembea kama mtu aliyelipwa asimame," aliniambia siku moja, mbele yake.

"Si ulimtaka mwenyewe? Ulidhani utamkimbiza?"

Fermin alicheka mpaka kifua kikambana. Alikuwa amefanya kazi migodini ujana wake wote, na vumbi la huko lilikuwa limekaa kifuani mwake kama mgeni asiyeaga. Kikohozi chake tulikijua wote: viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu kimya cha kutafuta pumzi. Hata mbwa wa jirani walikijua.

Kwetu tuna neno moja linalobeba watu wawili. Chachawarmi. Chacha ni mume, warmi ni mke, lakini ukilitamka halikatiki katikati, na hakuna anayelitumia kwa mtu mmoja. Ukiulizwa ni nani mwaka huu analinda mashamba, husemi Fermin, unasema chachawarmi wa kwa Colque. Mtu hapewi kazi yoyote ya kijiji akiwa peke yake, hata awe na akili namna gani. Na kitu kilichopotelewa na mwenzake tunakiita ch'ulla: kiatu kimoja, hereni iliyobaki, ng'ombe wa jembe ambaye mwenziwe amekufa. Na mjane. Mimi ni ch'ulla tangu mwamba ulipomwangukia mume wangu mgodini. Hakuna anayenitukana nalo, ni neno tu, kama kusema mtu ni mrefu. Lakini kwenye sherehe ch'ulla huketi mwisho wa mstari wa wanawake. Mgawaji wa chicha, pombe yetu ya mahindi, humpa kila mtu vikombe viwili, kimoja nyuma ya kingine, kwa sababu kimoja peke yake si kinywaji. Akifika kwangu hutoa cha kwanza, halafu husita kidogo kabla ya cha pili. Nimeshazoea. Si kweli, sijazoea.

Fermin na Basilia walikuwa wameiepa kazi ya ulinzi mara mbili kwa sababu ya kile kifua. Lakini kwetu watu wasioipitia kazi ile hawahesabiwi kuwa wamekua, hata wakiota mvi, na jina lao halitajwi kwenye sherehe ya Kanivali wala kwenye dua za mavuno. Fermin lilimuuma. Kwa hiyo safari ile, jilakata, mkuu wetu Eulogio, alipowajia na majani ya koka, ambayo ukiyapokea umeapa kuimaliza kazi, kaka yangu aliyapokea kwa mikono miwili kabla mkewe hajafungua mdomo. Mara ya kwanza maishani kumtangulia kwa jambo lolote.

Kazi yenyewe ni hii. Viazi vikishachipua, walinzi hupanda kilimani na kuhamia kwenye kibanda cha mawe mpaka Kanivali. Kule juu kuna meko mawili, moja upande wa kulia na jingine upande wa kushoto, na katikati umesimama ukuta wa mwamba, hivi kwamba aliye huku hamwoni aliye kule. Kulia ni kwa mume, kushoto ni kwa mke. Kila asubuhi kila mmoja hufukiza upande wake, na sisi wa chini tukiona moshi mara mbili tunaendelea na shughuli zetu. Likija wingu la mvua ya mawe, mioto yote miwili huwashwa pamoja, mume akipuliza baragumu bila kuacha, na hakuna anayeondoka upande wake mpaka wingu lipite. Hata kwa sababu gani. Mawe ni mwizi, hutafuta mwanya, na mwanya ni pale penye mmoja.

Msidhani ni hadithi za kutishia watoto. Nilikuwa msichana walinzi fulani walipogombana kilimani, mke akaenda kulala kwa mama yake. Kesho yake mchana mawe yalishuka yakayapiga mashamba yote mpaka yakawa meusi. Mwaka ule tulikula viazi vikavu vya kuomba kwa wajomba. Wale wawili walichapwa mijeledi uwanjani, wakaondoka na mabunda yao kuelekea nchi ya joto, na hatukusikia habari zao tena. Nilimwona yule mwanamke akipita mbele ya mlango wetu na damu imegandia kwenye shuka.

Mimi ndiye nilikuwa nikiwapelekea chakula. Juu ya rundo la mawe lililo nusu ya njia hapandi mtu ila walinzi, kwa hiyo niliacha mzigo pale na kuita, nao wakashuka kuuchukua. Kabla ya Krismasi walikuwa wakishuka wote wawili. Baada ya hapo Basilia akawa anashuka peke yake.

"Fermin yuko wapi?" niliuliza.

"Yuko kwake kulia. Unataka aache kazi aje kukusalimu?"

Sikuwa na wasiwasi. Kila asubuhi nilimwona kutoka uwanjani kwangu, poncho nyekundu na kofia, akitembea polepole kuelekea mekoni kwake, moshi ukapanda. Muda kidogo baadaye Basilia na sketi yake pana alielekea kushoto, moshi wa pili ukapanda. Mara nyingine upepo ulileta kikohozi mpaka bondeni, viwili vifupi, kimoja kirefu, na wazee walitikisa vichwa wakasema maskini Fermin, lakini anajikaza.

Ikaja asubuhi moja upepo ukamvua kofia yule mwenye poncho. Aliiinamia na kuidaka kabla haijagusa chini.

Nilikuwa nimeshika ndoo, nikaiweka. Kaka yangu hajawahi kudaka kitu maishani mwake. Nilianza kuangalia vizuri, siku ile na zilizofuata, na nilichokiona kilinitia baridi ya mifupa: sikuwahi kuwaona wote wawili kwa pamoja. Akionekana mmoja, mwingine yuko ndani. Daima.

Nilikaa na jambo lile kama mtu aliyemeza kaa la moto. Shamba langu ndilo la kwanza chini ya kilima, na sina jingine. Viazi vilikuwa vimetoa maua, wakati ambao mawe yakivigusa havirudi tena. Kama kule juu yupo mmoja tu, basi kijiji kizima kilikuwa kimelala mlango wazi na hakijui. Na kama nikisema, nilijua uwanja ule na mijeledi ile. Nilijiambia labda nimekosea. Mwishowe nilifunga chakula, nikafika kwenye rundo la mawe, sikuita. Nilipita nikapanda. Sikujua naogopa zaidi kumkuta kaka yangu hayupo au kuonwa nikipanda.

Nilipokaribia kibanda nilisikia kikohozi nyuma ya ukuta. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Moyo ukatulia, nikasema Mungu mkubwa, yupo. Nikazunguka ukuta kwa furaha.

Alikuwa Basilia. Amevaa poncho na kofia, mikono kiunoni, uso ameuelekeza bondeni, anakohoa. Alikohoa vile vile kama Fermin, pamoja na kile kimya cha mwisho. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Alivua kofia tu.

"Umevuka mawe," alisema.

"Kaka yangu yuko wapi?"

Alinionyesha kibanda kwa kidevu. Fermin alikuwa amelala juu ya ngozi za lama, amebaki macho na mifupa, na kila pumzi aliivuta kama anavuta gunia kutoka kisimani. Tangu baada ya Krismasi hakuwahi kusimama. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikaanza kulia, na katikati ya kulia nikaanza kuwagombeza wote wawili, kwa sababu mimi hofu ikinishika huwa natukana. Niliwaambia wana wazimu. Niliwaambia watatuua na njaa. Nikasema nashuka sasa hivi, nitamwambia Eulogio alete chachawarmi wengine, na Fermin apelekwe mjini Oruro kwa daktari.

"Daktari alishaniona," kaka alisema. Alipumzika kwanza. "Nikolasa. Usinishushe kabla ya Kanivali. Nataka kushuka kama mtu."

"Utashuka kama maiti."

"Mwache," Basilia alisema. "Hao wengine wakija leo, wewe unajua tulichoapa kwenye koka? Kazi haikatwi katikati. Mkono mmoja ukiachia kabla mwingine haujashika, hapo ndipo mawe yanapoingia." Halafu sauti yake ikashuka, nami sikuwa nimewahi kuisikia ikishuka. "Mchana naogopa, wifi. Usiku sina hata nguvu ya kuogopa. Nikivaa poncho naenda kulia, nawaza kushoto hakuna mtu. Nikienda kushoto, nawaza kulia hakuna mtu. Likija wingu la kweli nitafanya nini? Siwezi kujipasua."

Hakusubiri nimjibu, akaenda kukoroga chungu, akaniambia viazi nilivyoleta wiki iliyopita vilikuwa vimeoza.

Nilishuka. Njiani nilikutana na Eulogio akirudi na kondoo wake. Si mtu mbaya, ila anaubeba ule mjeledi wa cheo hata akienda kuoga. Aliniuliza kaka yako hajambo, nikasema hajambo, anakohoa tu. Alivitazama viatu vyangu, vilivyokuwa na udongo mwekundu wa juu ya rundo la mawe, akanitazama usoni. Akasema mwambie ajikaze, imebaki kidogo. Akaenda zake.

Wingu lilikuja wiki ya mwisho kabla ya Kanivali, mchana, jua likiwa bado linawaka. Lilitokea magharibi, tumbo lake jeupe kama maziwa yaliyoharibika, na chini yake hewa ikawa kijani. Ndege walinyamaza. Watu walitoka milangoni wakasimama, wote wameinua nyuso kilimani kusubiri moshi.

Moshi ukapanda. Kushoto. Tukangoja wa kulia. Haukupanda.

"Fermin amelala?" mtu mmoja alisema, kwa mzaha, na hakuna aliyecheka. Nilimwona Eulogio akiutoa mjeledi begani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nilisikia wakiniita, nikapita kwenye rundo la mawe mbele ya macho ya kijiji kizima, na sikujali.

Nilimkuta Basilia mlangoni pa kibanda, poncho amelivaa nusu, mkono mmoja ndani na mmoja nje, hajui aende wapi. Fermin alikuwa amejiburuta mpaka kizingitini kwa viwiko, baragumu limemning'inia shingoni.

"Nipelekeni," alisema.

Basilia alimtazama. Halafu alivua poncho akamvisha mumewe, akalinyoosha mabegani kama anamtayarisha kwa harusi, akamweka kofia. Tulimbeba. Hakuwa na uzito wa kutushinda, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko wingu. Tulimketisha mekoni upande wa kulia, mgongo kwenye mwamba, tukamrundikia samadi na vichaka vibichi mahali ambapo mkono wake ungefika, Basilia akawasha. Nilitaka kubaki. Fermin alinisukuma kwa kidole.

"Huku si kwenu. Nendeni upande wenu."

Basilia hakumuaga. Alimwambia tu, "Usizembee," kama alivyomwambia kila siku ya maisha yao, naye Fermin akatabasamu, tukauzunguka mwamba kwenda kushoto. Hatujafika, baragumu likalia.

Chini bondeni nilisikia sauti ya watu, kama pumzi moja iliyotoka kwenye vifua vyote. Walikuwa wameona moshi wa pili.

Mawe yalianza kwenye ukingo wa kilima. Yalikuwa kama mayai ya njiwa, yakiruka kwenye mwamba, yakitupiga vichwani na mikononi, na moto ulizomea kila yanapouangukia. Basilia alirundika samadi kwa mikono mitupu. Mimi nilimkabidhi vichaka. Na kila mara tulisikiliza. Baragumu lilikuwa likilia nyuma ya mwamba, refu, fupi, likinyamaza kuvuta pumzi, likirudi. Kila liliponyamaza mikono ya Basilia nayo ilisimama hewani, na liliporudi ikaendelea.

Kisha kimya kikawa kirefu zaidi. Likalia kidogo, bila nguvu, kama ndama. Halafu kimya.

Tulingoja. Mawe yalipiga. Moshi wetu ulilala chini. Nilimtazama Basilia, naye alikuwa anatazama moto.

"Nenda," nilimwambia. "Nenda kwake, moto nitaulisha mimi."

"Wewe ni ch'ulla," alisema. "Moto wako hauhesabiki."

Alilisema bila ubaya, nami liliniingia mpaka kwenye mfupa, kwa sababu nilielewa kilichokuwa nyuma yake. Kama lile baragumu lilikuwa limekoma kabisa, basi hata wa kwake ulikuwa hauhesabiki tena. Kuanzia pumzi ile. Na yeye alikuwa anajua.

"Basilia, ni kaka yangu. Yuko peke yake."

"Amepumzika kidogo."

"Basilia."

"Nimekwambia amepumzika. Lete kichaka."

Nikampa kichaka. Akakitia motoni. Sijawahi kuogopa namna ile kabla wala baadaye, si wingu, si mijeledi, bali uso wa mwanamke yule, uliokuwa umekauka kama udongo huku mikono ikifanya kazi. Angepiga hatua chache tu angeuzunguka mwamba angemshika mumewe. Alisimama pale pale, miguu ameikita, akilisha moto kwa ajili ya viazi vyangu na viazi vya watu ambao wangeweza kumchapa kesho, akikataa kusikia alichokisikia. Mara moja alifungua mdomo nikadhani atalia. Alikohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Sidhani alijua anafanya hivyo.

Wingu likapita. Lilikwaruza pembe ya mashamba ya Chini, shamba la mzee Wenceslao, likaenda kujimwaga kwenye mto wa mawe ambako hakuna anayelima. Jua lilitoka ghafla, na kila kitu kikawa kinadondoka maji. Basilia alingoja mpaka kivuli cha mwisho kimetoka kwenye shamba la mwisho. Ndipo alipoangusha samadi aliyokuwa ameishika, akakimbia.

Fermin alikuwa ameketi vile vile tulivyomwacha. Moto wake ulikuwa bado unatoa moshi. Baragumu lilikuwa mapajani, na mawe yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya poncho na kwenye viganja vyake vilivyo wazi, meupe, hayajayeyuka. Basilia alipiga magoti akaanza kuyatoa moja moja, akiyatupa mbali. Alipomaliza alikilaza kichwa chake kwenye mapaja yale, na hapo ndipo nilipomsikia akilia.

Eulogio na wanaume walifika wakihema. Walivua kofia. Hakuna aliyeuliza kitu siku ile, wala siku ya maziko, na ndiyo sababu sikuweza kumeza chakula. Kijiji chetu hakiulizi mambo njiani. Kinaulizia uwanjani, Kanivali, mbele ya nusu zote mbili, walinzi wanaposhuka kupokewa. Kama ulinzi ulikatika, kazi haikufanyika: jina la kaka yangu lingefutika kama hakuwahi kuishi, na Basilia angekuwa mjane aliyekidanganya kijiji. Watu wenye masikio walikuwa wamesimama milangoni. Wote walilisikia baragumu likikoma mawe yakiwa bado yanaanguka.

Siku ya Kanivali kulikuwa na ngoma na zumari, na matuta yote yalikuwa na maua. Basilia alipanda alfajiri kulifuata baragumu, akashuka kilimani nalo mkononi. Alitembea ukingo wa kushoto wa njia mpaka uwanjani, na ukingo wa kulia aliuacha mtupu, hakuukanyaga hata mahali penye matope. Zumari zilikoma. Alisimama mbele ya Eulogio, mfupi, sketi ikiwa na masizi, na mjeledi ulikuwa begani pa yule bwana.

"Walinzi wameshuka," alisema Basilia.

Nadhani Eulogio alitamani mtu mwingine awe jilakata siku ile.

"Lazima niulize," alisema. "Mbele ya wote. Baragumu lilinyamaza kabla wingu halijapita, au baada?"

Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu duniani, aliliangalia lile baragumu mkononi mwake. Nilitazama nyuso za nusu ya Juu na nyuso za nusu ya Chini, na hazikuwa na kitu ndani yake. Nilitazama mlango wetu, njia ile aliyopita yule mwanamke wa utotoni mwangu.

Mzee Wenceslao aliinuka. Mguu wake mmoja ni mbovu, kwa hiyo ilichukua muda. Shamba lake ndilo lililopigwa pembe, nusu ya viazi vyake vilikuwa vimekuwa uji, na alikuwa wa Chini, hana undugu nasi. Nilifumba macho.

"Mimi nilikuwa shambani," alisema. "Chini kabisa ya kilima. Nililisikia mpaka mwisho."

Kisha mwanamke mmoja wa Juu akasema hata yeye, alikuwa mlangoni, lililia mpaka jua likatoka. Akafuata mwingine, wa Chini. Mwingine akasema lilimtoboa masikio. Sauti ziliongezeka pande zote mbili, za watu ambao walisikia kilekile nilichokisikia mimi. Eulogio alisikiliza mpaka zikaisha, kisha akautoa mjeledi begani akampa mtu nyuma yake aushike.

"Basi na mimi nililisikia," alisema. "Karibuni, chachawarmi wa kwa Colque."

Akamimina vikombe viwili vya mume, Basilia akavipokea na kuvimwaga ardhini upande wake wa kulia, kimoja kimoja, polepole, kwa mwendo ambao Fermin mwenyewe angeukubali. Kisha akamimina viwili vya mke, Basilia akavinywa vyote bila kupumzika. Watu wakamvika maua ya viazi shingoni. Zumari zikarudi.

Baadaye alikuja kwenye mstari wa wanawake. Alipita mahali pake pa zamani, katikati, karibu na wake wa wakubwa. Hakuna aliyemwambia apite. Alikuja mpaka mwisho, nilipokuwa.

"Sogea," aliniambia, akaketi.

Mgawaji wa chicha alipotufikia alimpa kikombe cha kwanza, akanipa na mimi cha kwanza, halafu mkono wake ukasita juu ya mtungi, kama kawaida yake. Basilia alimtazama.

"Lete cha pili," alisema. "Na wifi yangu mpe cha pili. Umelipwa usimame?"

Akatupatia. Nilikunywa chote, na macho yangu yalikuwa magharibi, ambako wingu jingine dogo lilikuwa limeanza kuinuka.